Treni Zilipoacha Kunywa Maji Simanya

Vijana wenzangu wa Reli, mmenitaka niwaandikie machache kuhusu miaka yangu ya kazi, na mkaniuliza hasa nilipandaje vyeo. Kwa kuwa nimestaafu juzi tu na sina tena mkubwa wa kumwogopa, nitawajibu hilo kwanza tulimalize. Mtu hupanda cheo kwa sababu aliyekuwa juu yake amestaafu, amekufa, au amegombana na wenyewe. Hakuna siri nyingine, na hakuna utamu ndani yake.

Nitakayowaeleza ni ya Simanya. Ninyi mwaipita mkipanda kwenda bara, kule Nyika ya Kwale penye vumbi jekundu na miiba, na hamwinui hata macho. Siwalaumu. Pamebaki tangi la chuma lililoliwa na kutu na kipande cha ukuta. Lakini ujana wangu uko pale. Hapa Tiwi nina kisima uani, nina minazi, nina upepo wa bahari kutwa kucha, na bado zipo asubuhi ambapo naamka na hamu ya kusikia harufu ya mafuta mazito na mvuke, hamu ambayo chai haiishushi.

Jina lenyewe lilinitaabisha tangu siku ya kuandikwa kazi, miaka michache kabla ya Uhuru. Nilirudi nyumbani kumuaga mama. Nilimkuta juu ya mbuzi, akikuna nazi.

"Haya, hao watu wa Reli wakupeleka wapi?"

"Simanya."

Kwetu sisi Wadigo, na kwa ndugu zetu Waduruma vilevile, simanya maana yake ni sijui. Mama aliacha kukuna.

"Mtu mzima umepata kazi, umenunua viatu, na hujui uendako?"

"Najua, mama. Naenda Simanya."

"Ndilo nikuulizalo. Wapi?"

Baba ndiye aliyetuamua, baada ya kucheka kwanza akashiba. Husemwa kwamba wapima njia wa zamani walimuuliza mchungaji mmoja pale mahali paitwaje, naye akawajibu kwa ukweli wake kwamba hajui, nao wakaandika. Sina ushahidi. Ila nimefanya kazi na Reli maisha yangu yote, na jambo hilo lafanana nao.

Aliyenipokea stesheni ni Mzee Athumani, mkubwa wetu sisi watu wa pointi, yaani wale wanaogeuza njia ili treni ishike reli yake. Alikuwa mtu wa Bodo. Kwao wote ni wavuvi, lakini yeye alitapika kila alipoingia mtumbwini, akaona atafute kazi mbali na maji, na Reli ikamsaidia kwa kumpeleka pasipo na tone. Nilimwambia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaviangalia viatu vyangu vipya.

"Hivyo vitakuwa vyekundu kabla ya adhuhuri," akasema. Na vikawa.

Jambo la kwanza alilonifunza ni kitambaa. Wenzo wa pointi ni chuma kitupu, na kwa jua la Simanya ukiushika bila kitambaa mchana, ngozi yabaki pale. Kila mmoja wetu alikuwa na chake kiunoni. La pili ni kutoliamini sikio. "Ukivuta utaisikia imelia," aliniambia. "Usiridhike. Enda ukaone kwa macho yako kwamba reli imeshikana. Sikio lina haraka, jicho lina adabu." Maneno hayo nimewafunza wengi wenu, mkadhani ni yangu, nami sikuwakatalia.

La tatu ni kitanzi. Zamani treni haikuondoka stesheni moja kwenda ya pili bila karatasi ya ruhusa, tuliyoiita laini klia, ili dereva ajue kwamba hakuna mwenzake anayemjia usoni. Treni iliyosimama, dereva alipewa karatasi yake mkononi, pamoja na salamu na umbea kidogo. Treni isiyosimama ndiyo iliyotaka kitanzi: fimbo iliyopindwa duara mwishoni, karatasi imefungwa pale, nawe wasimama kando ya reli umeiinua, na mtu wa kwenye injini aichukua ikipita. Mara yangu ya kwanza nilifumba macho. Kitanzi kilikwenda, na kofia yangu ikaenda nacho mpaka Mombasa.

Kitanzi kilikuwa cha treni zinazoteremka pwani. Zile zilikuwa na mteremko, zina haraka ya kufika. Zinazopanda zilisimama zote, kwa sababu zilikuwa na kiu, na hapo ndipo penye habari hii yote. Injini ya mvuke ikitoka pwani na mzigo, ikakwea kilima baada ya kilima, hufika Nyika imekauka. Ilikuwa lazima isimame Simanya inywe. Hivyo ndivyo tulivyosema, treni yanywa. Maji yaliletwa kwa bomba kutoka milima ya mbali yakakaa katika tangi letu, na kando ya reli palikuwa na bomba jingine lenye shingo ndefu, ulilolizungusha mpaka juu ya injini. Yaliyofurika yaliteremkia birika la saruji, na birikani hapo ndipo walipokunywa watu na wanyama wa pande zile. Maji mengine ya kutegemea hayakuwapo.

Mwenye wanyama wengi alikuwa Mzee Mwero, mfugaji wa Kiduruma ambaye boma lake lilikuwa pale kabla yetu sote. Hakuwa na shida ya kuwaita mbuzi wake. Treni ya kupanda ikipiga filimbi kule mbali kwenye kona, mbuzi waliinua vichwa vichakani wakaja mbio wenyewe, maana walijua injini ikinywa birika hujaa. Abiria wageni walidhani tumewafunza ili tuwafurahishe.

Ulipokuja Uhuru tulipaka chokaa stesheni nzima, na mawe ya kando ya njia, na mbuzi mmoja aliyesimama karibu mno. Stesheni masta wa zamani alikwenda zake, akaja Mwafrika wa kwanza, mtu mpole aliyevaa tai katika joto lile. Tulimwita Bwana Stesheni, kwa fahari. Na mji ukaanza kufura. Watu walitoka Kinango, Matuga, Msambweni, hata fundi wa cherehani akaja na cherehani yake kutoka Mombasa. Wote walikuja kwa sababu moja, kwamba treni husimama. Ikisimama abiria hushuka, na ashukaye huwa na njaa. Zikapanda safu mbili za maduka ya mabati, msikiti, kanisa la makuti, shule, kinyozi, na klabu ya mnazi ambayo pombe yake ilifika kwa treni ikingali na povu.

Treni ya abiria ikiingia, jukwaa lote lilikuwa sauti: mayai, mabuyu, asali, mishikaki. Madirisha yalijaa mikono. Mimi niko juu ya injini nimeikumbatia shingo ya bomba, maji yanguruma ndani, mvuke wanifunika, na chini yangu mji mzima wahangaika na riziki yake. Nilikuwa na furaha. Nasema wazi leo kwa sababu siku zile sikuijua kuwa ni furaha, nilidhani ni kazi tu.

Mahamri bora yalikuwa ya Mbodze, binti wa Mzee Mwero. Alikuwa na mkahawa wake mdogo chini ya tangi, meza mbili na mabenchi, akipika chai kwa maji ya treni. Siku moja abiria mmoja wa bara, amevaa koti, alilalamika kwamba chai ina ladha ya chuma.

"Na wewe umekuja hapa kwa kitu gani?" Mbodze akamuuliza. "Kwa punda?"

Tangu siku ile nilianza kunywa chai kupita mahitaji ya binadamu. Nilikuwa nikitoka zamu napita pale, nikiingia zamu napita pale. Nilizungumza juu ya mvua, ambayo haikuwapo, na juu ya samaki wa Tiwi, ambao hakuwahi kuwaona. Mwishowe yeye ndiye aliyechoka.

"Salimu," akaniambia, "ama useme, ama uache kunichafulia vikombe."

Nikasema. Mbodze, ambaye yuanisomea haya begani wakati naandika, asema sikusema, nilikohoa. Tuyaache hayo.

Mzee Athumani ndiye aliyekwenda kunisemea, maana wazee wangu walikuwa mbali. Nami nilikuwapo, nimekaa pembeni. Mzee Mwero alisikiliza mpaka mwisho. Juu ya dini hakuwa na neno; ndugu zake wengine walikwisha silimu, wengine wamebatizwa, na yeye mwenyewe alibaki na koma, yaani mizimu ya wazee wake, bila kumsumbua mtu. Jambo lake lilikuwa moja. Mkewe alikwisha kufa, na Mbodze ndiye mtoto pekee aliyekuwa naye.

"Ninyi watu wa pwani mwachukua mabinti mwaenda nao baharini, hawarudi," alisema. "Huyu haondoki hapa mpaka treni ya kupanda ipite bila kunywa maji."

Tulicheka wote, hata yeye. Ilikuwa namna yake ya kusema abadani. Nikaapa mbele ya mashahidi kwamba nitakaa Simanya na mke wangu mpaka treni ipite bila kunywa maji, na ningeapa zaidi ya hapo kama ningeombwa. Usemi ule ulishika mji mzima. Kwenye klabu, dukani, hata shuleni, neno lisilowezekana lilipewa tarehe hiyo. Fundi wa cherehani akikuahidi suruali yako Ijumaa, ulimjibu kwamba wajua, utaipata treni ikipita bila kunywa.

Tulioana, tukapewa nyumba ya Reli yenye chumba na nusu, tukapata binti tukamwita Riziki. Miaka ile ilikwenda upesi, kama miaka mizuri iendavyo, na sina cha kuwasimulia juu yake isipokuwa kwamba nilikuwa nikirudi nyumbani mwekundu kwa vumbi, na Mbodze hakuniruhusu kuketi mpaka nijipanguse.

Habari ya dizeli aliileta Mzee Athumani, aliyekuwa amekwenda Mombasa kutibiwa jino. Alikuja moja kwa moja mkahawani.

"Nimeiona," alisema. "Yavuta sawa na injini zetu mbili. Haina moshi, wala sikuona mahali pa kutilia maji."

"Basi yanywa nini?" Mbodze akauliza.

"Mafuta. Yanywa huko huko itokako."

Alisema polepole, akatutazama sisi wawili. Lakini waliokuwa meza ya pili walisikia tu neno la nguvu ya injini mbili, wakatoka nalo mbio. Injini yenye nguvu maradufu, basi mabehewa maradufu. Mabehewa maradufu, basi abiria maradufu, mahamri maradufu. Hesabu ilikuwa nzuri, na kwa siku chache hapakuwa na mtu Simanya aliyetaka kuiharibu. Ndipo mji wetu ukafanya kosa ambalo sijaona mji mwingine ukilifanya: ukaandaa sherehe ya kuipokea.

Siku ile watoto wa shule walipangwa mstari. Bwana Stesheni alipiga pasi tai yake. Ililetwa ngoma ya sengenya kutoka vijiji vya karibu, na wapigaji wakaagizwa wasiache kupiga mpaka treni isimame kabisa. Mbodze alikuwa ameamka alfajiri kuchoma mahamri, amejaza masinia. Mzee Mwero mwenyewe alikuja amevaa shuka lake jipya, akasimama kando ya birika na fimbo yake.

Bwana Stesheni aliniita ofisini. Mkono wake ulikuwa bado juu ya simu.

"Salimu, chukua kitanzi."

"Kitanzi, bwana? Kwa ya kupanda?"

"Chukua kitanzi." Hakunitazama usoni.

Nilitoka na ile fimbo, nikapita katikati ya watu waliovaa nguo za sikukuu. Wengi hawakujua maana yake, na kwa nini wajue. Mzee Athumani alijua. Alikuwa ameshika bendera ya kijani. Aliitazama fimbo, kisha akatazama chini. Na Mbodze alijua, kwa sababu mke wa mtu wa Reli hujifunza kazi bila kulipwa. Aliliweka sinia lake chini taratibu.

Ilikuja bila moshi. Badala ya filimbi ilipiga honi nzito, sauti ya lori, na mbuzi wa Mzee Mwero wakabaki vichakani, hawakutambua kwamba ile ni treni. Niliinua kitanzi. Mkono ukatoka dirishani ukakinyakua, na mabehewa yakafuata, dirisha baada ya dirisha, watu wa safari wakitupungia mikono kwa furaha, kwa kuwa waliona ngoma na watoto wakadhani pale ni mahali pa kupungiwa. Kisha likapita behewa la mwisho. Wapigaji, waliokuwa wameagizwa wasiache mpaka isimame, waliendelea kupiga. Walipiga treni imekwisha potea, wakaacha mmoja mmoja, mpaka aliyebaki akajiona yuapiga peke yake.

Macho yote yalimgeukia Mzee Mwero. Kila mtu alikuwa ameutumia usemi wake miaka yote ile.

"Mkwe," akaniita. "Umeona?"

"Nimeona, baba."

"Haya." Akageuka akaenda kuwatafuta mbuzi wake.

Injini za mvuke hazikuisha siku moja. Ziliendelea kupungua mwaka baada ya mwaka, na mji ukapungua nazo. Mji wa mabati haubomoki, hukunjwa. Mtu alishusha paa lake, akalifunga kamba, akangoja treni ya mvuke isimame kunywa, akalipakia akaenda nalo Mariakani au Voi. Nikiwa zamu nilijua nani aondoka kwa kusikia nyundo iking'oa misumari upande gani. Kinyozi alikwenda. Klabu ikafungwa. Fundi wa cherehani alikwenda na suruali yangu. Mzee Athumani alistaafu katikati ya hayo akarudi Bodo, na siku ya kuondoka alinipa kitambaa chake cha kushikia wenzo, kimekuwa cheusi na kigumu, huku akilia. Nilimpenda mzee yule. Sijui kama nilimwambia.

Mwishowe likaja agizo. Stesheni yafungwa, sisi twahamishiwa Mombasa, na bomba la kuleta maji kwenye tangi lakatwa. Nilimweleza Mbodze jioni ile.

"Mimi siendi," akasema.

"Nyumba hii ni ya Reli. Watakuja kuchukua hata mlango."

"Na wachukue. Bomba likikatwa baba yangu atakunywa nini?"

"Twende naye Tiwi."

"Mwambie wewe, basi. Mimi nimemwambia mara nyingi sana."

Usiku kucha nililiwaza neno hilo. Bila Mbodze sikuwa na sababu ya kufika Tiwi. Na Mbodze akienda, nani amtekee maji mzee yule? Nilimkuta birikani. Maji yalikuwa yamebaki kidogo chini, nao mbuzi walikuwa wamepiga magoti kuyafikia. Nilimwambia twende sote, kwetu kuna visima, maji si ya kupimwa.

"Bahari nimewahi kuiona," akanijibu. "Nilifika Likoni kijana. Maji yote yale, na huwezi kuteka hata kikombe ukanywa. Nikasema hawa watu wamedanganywa."

"Basi baba, nami siwezi kumchukua Mbodze nikakuacha hapa."

"Mbele ya mashahidi nilisema nini?"

"Ulisema kwa mzaha. Sote tulicheka."

"Nilicheka, lakini nilisema." Alimsukuma mbuzi mmoja kwa fimbo ili mwingine apate nafasi. "Neno langu lilimfunga mtoto huyu hapa miaka yote, hakulalamika. Sasa treni imepita. Neno likiweza kufunga na lisiweze kufungua, hilo si neno, ni ubishi wa mzee."

Mbodze alikuwa amekuja nyuma yangu, nami sikujua. Akamwita baba yake, mara moja tu, kwa sauti ambayo sijaisikia tena.

"Usimwage maji ya machozi wakati huu wa ukame," mzee akamwambia. "Mimi nilikuwa hapa kabla ya tangi. Baba zangu walichimba mchangani kule kwenye mto mkavu, wakanywa. Mimi nimesahau kuchimba, ila mikono yangu haijasahau. Enda na mumeo."

Siku ya kuhama hakuja stesheni. Alituma salamu kwamba ana kazi na mbuzi. Mbodze alikaa ndani ya behewa na Riziki mapajani, amelipa dirisha kisogo, mpaka tulipofika Mazeras.

Nyumbani Tiwi mama alimpokea vizuri, akamwonyesha kisima cha uani, akamtekea ndoo ya kwanza kwa mkono wake. Mbodze alitazama ndoo ile imejaa mpaka yamwagika, akaketi chini akalia. Mama alidhani amemuudhi. Nilimvuta kando nikamweleza kwamba hajaudhiwa na mtu, amehesabu tu mbuzi wa baba yake.

Wakati ule nilikuwa nimefanywa gadi wa treni za mizigo, nikikaa kwenye behewa la nyuma kabisa. Hicho ndicho cheo pekee nitakachokitaja, kwa kuwa bila hicho habari hii haiendi mbele. Treni za mizigo zilipita Simanya bila kusimama, lakini pale pana mlima, na zikiwa zimejaa hupanda kwa mwendo wa mtu kutembea. Mbodze ndiye aliyewaza. Alinunua dumu la plastiki, akalisugua kwa mchanga na majani ya mkwaju, akalijaza maji ya kisima, akaliweka mlangoni siku yangu ya safari. Nililibeba mpaka Likoni, nikavuka nalo kivuko, nikaenda nalo stesheni. Dereva wangu alikuwa Ochieng, mtu wa Kisumu, naye hakukawia kuliona.

"Wewe Salimu, hii maji ni ya nani? Huko tunaenda hakuna maji?"

Nikamweleza.

"Sasa si ungesema mapema," akanijibu. "Hapo kwa mlima nitapunguza. Wakiniuliza, nitawaambia mzigo ni nzito."

Mzee Mwero alikuwa amesimama kando ya birika kavu. Alipoona ni mimi, hakushangaa. Alitembea sambamba na behewa, nikamteremshia dumu, akalichukua. Safari iliyofuata Mbodze aliweka la pili, na tangu hapo tukawa na utaratibu: yeye aninyooshea tupu, nami namteremshia lililojaa, na katika ule mwendo mfupi wa pamoja aliniletea habari zake, ambazo zote zilikuwa malalamiko.

"Mwambie maji yake yana chumvi."

Nilimfikishia. Mbodze alikasirika siku nzima, akasema baba yake ameharibiwa ulimi na kutu ya tangi. Safari nyingine mzee alisema yanuka plastiki. Nyingine akasema mbuzi wameyakataa, wakati nawaona kwa macho yangu wamemzunguka wakilamba mikono yake. Walikuwa wamekwisha jifunza honi. Mbodze alikuwa akiningoja kisimani kila nirudipo. Alilipokea dumu tupu mkononi mwangu, akalitikisa karibu na sikio, na akisikia halina hata tone alitabasamu. Kisha ndipo aliponiuliza hali yangu mimi. Miaka ilikwenda hivyo. Nilikuwa mtu wa Tiwi, mwenye kisima na minazi, na furaha yangu kubwa ya juma ilikuwa ule mwendo mfupi kando ya birika kavu, nikitukanwa juu ya maji.

Kisha tukafika Simanya safari moja, mbuzi wapo na mzee hayupo. Ochieng alipunguza mpaka tukawa karibu kusimama. Niliinama nje, dumu mkononi, nikaita. Likapita birika, likapita tangi, ukapita ule ukuta. Nilijiambia labda ana homa, labda amekwenda Kinango.

Stesheni ya mbele nilimkuta mtu wa njia, mmoja wa wale wanaotembea kwa miguu kukagua reli. Nilimuuliza.

"Yule mzee wa mbuzi? Ndugu zake wamemzika juzi," akasema. "Alikutwa kule mtoni, amelala kando ya shimo alilochimba. Na unajua, lile shimo lilikuwa na maji."

Ochieng alikuja nyuma, akanishika bega.

"Pole sana, ndugu yangu. Hiyo maji mwaga tu. Utarudi nayo ya nini?"

Nilililaza dumu, nikashika mfuniko, nikashindwa. Nimeishi Nyika, maji hayamwagwi chini kule. Nikarudi nalo. Lilivuka kivuko nami, likanikata bega njia nzima kutoka barabarani, mpaka nikaingia uani.

Mbodze alikuwa kisimani. Alinyoosha mkono kulipokea dumu kama alivyozoea, kwa vidole viwili, na uzito ukamvuta chini. Aliketi kando ya kisima, nami nikaketi, dumu kati yetu, mpaka ikaadhiniwa magharibi.